Ua Lililong'olewa Kaburini

Siku Hatibu alipoondoka kwenda kuchuma mimea milima ya Nguu, mkewe Mwamvua alikuwa amekaa kwenye ngazi za nyuma za jumba, anapepeta mchele. Ilikuwa Jumatatu ya mwezi wa tatu, mwaka 1956, na jua lilikuwa limetoka vizuri baada ya ukungu wa siku tatu. Mwamvua ni shangazi yangu, ndugu wa baba tumbo moja. Haya ninayoyaandika alinisimulia yeye mwenyewe, zaidi ya mara moja, na kila mara kwa maneno yaleyale, kama mtu anayesoma. Sehemu ya mwisho niliiona kwa macho yangu, na ndiyo iliyonifanya niamini ya mwanzo.

Walikuwa wakikaa Kwemvumo, msituni, mwendo wa nusu siku kupanda kutoka Muheza. Huko Wadachi walijenga jumba kubwa la mawe kabla ya vita vya kwanza, ili wataalamu wao waichunguze miti na maua ya milimani. Kuta zake zilikuwa nene, madirisha marefu, na vigae vya paa vilikuwa vimegeuka kijani kwa kuvu. Wadachi walipoondoka wakaja Waingereza, wakakuta makabati ya mvule yamejaa majani makavu, wakaendelea pale walipoachia wenzao. Hatibu, kijana wa Chumbageni, Tanga, aliyesoma mpaka darasa la nane, alipata humo kazi ya kukausha mimea. Alipewa vyumba viwili vya nyuma, ambavyo zamani vilikuwa vya farasi. Akamleta Mwamvua, na hapo ndipo alipozaliwa Semeni, mtoto wao wa pekee.

Ukuta wa kaskazini wa jumba lile haukupata jua kamwe. Katikati ya mawe yake liliota ua la milima ya pale: majani ya duara yenye manyoya laini kama sikio la paka, na maua madogo ya zambarau yenye kitovu cha manjano. Kwa kawaida huota mwambani, kivulini, penye maji yanayodondoka. Hapa lilikuwa limeufanya ukuta kuwa mwamba wake. Na Semeni, mwenye umri wa miaka sita, alikuwa ameufanya ukuta kuwa wake. Kila alasiri, mama yake akishatoa salamu ya mwisho ya sala, mtoto huchota maji mtungini kwa kikopo cha maziwa, akaenda kuumwagilia, jiwe kwa jiwe.

"We Semeni, huo ni ukuta, si mchicha," Mwamvua humwambia.

"Una kiu, mama. Tazama ulivyokunja majani."

Jumatatu ile, Hatibu alijifunga mgongoni mbao zake mbili za kukandamizia mimea, na magazeti makuukuu katikati yake. Abrahamu, karani wa jumba, Mbondei wa misheni mwenye mdomo usiolala, alimsindikiza mpaka njiani.

"Yakhe Hatibu, ukikuta huko jani linalolipa mshahara, nichumie mimi pamoja na pacha wake."

Pacha ulikuwa ndio utaratibu wa pale. Kila mmea ulichumwa mara mbili, au ukagawanywa vipande viwili. Ulikaushwa ndani ya magazeti, ukalazwa juu ya karatasi ngumu, ukafungwa kwa vikanda vyembamba vya karatasi yenye gundi, ukapakwa dawa ya sumu wadudu wasiule. Chini kulia kiliwekwa kikaratasi chenye jina la mmea, mahali, tarehe, na aliyeuchuma. Kipande kimoja kilibaki kabatini. Pacha wake ulitiwa kasha, ukateremshwa bandarini Tanga, ukapelekwa Ulaya kwenye jumba jingine la majani makavu, kubwa kuliko hili. Bwana mkubwa wa pale, Mwingereza mpole ambaye watu walimwita Bwana Majani, alipenda kusema kwa Kiswahili chake cha kuhesabu maneno: kinachoingia humu hakiozi.

Semeni alimkimbilia baba yake penye kona ya ukuta. Wakapimana viganja, chake juu ya cha baba, kama walivyozoea kila safari, ili Hatibu akirudi waone mtoto amekua kiasi gani.

"Nikuletee nini?"

"Ua ambalo hapa halipo."

"Nitalileta. Jumatatu ijayo, inshallah."

Jumatano usiku mtoto akashikwa na homa. Alhamisi akaja mganga wa zahanati na kwinini. Ijumaa alfajiri Semeni alifariki, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mama yake, na neno lake la mwisho lilikuwa kuomba maji. Mwamvua alikimbilia mtungi. Aliporudi na kikopo, mtoto alikuwa ameshakwenda.

Akabaki na kikopo kile mkononi, kimejaa.

Mtu alitumwa Nguu kumtafuta Hatibu, lakini milima ni mipana na mchuma mimea hana njia moja. Maiti hangojwi. Mama Chiku, jirani yao, ndiye aliyekuwa akiosha maiti wa kike pale Kwemvumo, na ndiye aliyemwosha Semeni. Wanaume wakamzika baada ya sala ya Ijumaa, nyuma ya jumba, penye makaburi machache ya wafanyakazi Waislamu wa tangu enzi za Wadachi.

Siku ya tatu, khitma ilipokwisha, Mama Chiku alimshika Mwamvua mkono wakaenda kaburini.

"Mwanangu," alimwambia, "kitu kibichi kikiwa juu ya kaburi kinamsabihi Mola mpaka kikauke, na aliye chini anapata nafuu. Ndivyo tulivyofundishwa. Wengine huchomeka kuti. Kuti litanyauka keshokutwa. Weka kitu kitakachoshika."

Mwamvua hakuhitaji kufikiri. Alikwenda ukuta wa kaskazini, akachimbua shina moja la lile ua pamoja na udongo wake, akalipanda kifuani mwa kaburi, akalimwagia maji kwa kikopo kilekile.

Kesho yake Hatibu akarudi. Abrahamu alimngojea njiani, na safari hii hakuwa na mzaha. Watu waliokuwapo wamesema Hatibu hakulia. Aliuliza tu, "Mmeshamfunika?" Kisha akapita moja kwa moja mpaka makaburini, mbao zake zikiwa bado mgongoni, na ndani yake ua jeupe alilolichuma Nguu, ambalo Kwemvumo halikuwapo.

Alikaa pale tangu adhuhuri. Jua la mchana lilikuwa likipiga kaburi, na lile ua la kivulini lilikuwa limeinamisha majani. Hatibu aliliona linakufa. Miaka minane alikuwa amefundishwa jambo moja: ukipendacho usikiache juani, kitapotea rangi kisha kitaoza. Akafungua mikanda ya mbao zake. Akaling'oa ua lile, mizizi na yote, akalilaza ndani ya gazeti, akafunga.

Sitaki kumlaumu. Kila mtu hulia kwa kazi aliyoizoea mikono yake. Lakini hakumwambia mkewe.

Mwamvua alipolikuta kaburi li tupu alimwuliza. Hatibu akatazama kando. "Labda kima," akasema.

Basi Mwamvua akaenda ukutani kuchimbua jingine. Alifika penye kona, akasimama. Ukuta wote, tangu chini mpaka kwenye madirisha, ulikuwa umekauka. Majani yote yalikuwa yamelala bapa juu ya mawe, kama yaliyokandamizwa.

Arobaini ikapita. Watu wakarudi kwenye shughuli zao. Hatibu akawa anakaa sana ndani ya chumba cha makabati, hata Ijumaa, na mkewe akamwachia, maana alijua kila mmoja ana pahali pa kuwekea kilio chake. Yeye mwenyewe hakuwahi kuingia chumba kile. Wake wa wafanyakazi hawakuruhusiwa, kwa sababu ya ile sumu.

Kitu cha kwanza kilikuwa mtungi.

Mwamvua aliujaza asubuhi kama kawaida. Alipomaliza sala ya alasiri alitia kata, ikagonga udongo. Mtungi ulikuwa mkavu. Si kwamba maji yalikuwa yamekwisha. Ulikuwa mkavu ndani, kama uliotoka tanurini siku ileile. Akautazama kama una ufa. Haukuwa na ufa.

Kesho yake ikawa vilevile. Na kesho kutwa. Siku ya nne alikikuta kikopo cha maziwa, alichokuwa amekificha juu ya kabati ya nguo ili asikione, kimesimama kizingitini.

Alimwambia Mama Chiku tu.

"Umeota, mwanangu."

"Naota macho wazi, Mama Chiku? Na mtungi nao unaota?"

Mama Chiku alikichukua kikopo, akakigeuza, akapitisha kidole ndani. Kidole kikatoka na vumbi jembamba la kahawia. Akalinusa. Lilinuka majani makavu.

Wiki ile ukungu ulikuwa unashuka mapema. Saa tisa jumba lote lilikuwa jeupe, miti ya misambu iliyo ng'ambo ya uwanja haionekani. Mwamvua alikuwa juu ya msala, ametoa salamu ya kulia, anageuka kutoa ya kushoto. Akasikia karatasi. Sauti ndogo, kama mtu anayetembea na kila hatua inakunja gazeti.

Ikafika mlangoni. Ikasimama.

"Mama."

Hakuinua uso.

"Mama, maji."

Akainua uso.

Semeni alikuwa amesimama kizingitini na gauni lake la Idi. Rangi yake ilikuwa ya jani la mwaka jana. Macho yalikuwa wazi, lakini hayakung'aa, yalikuwa makavu kama mbegu. Mwamvua alisema hakuogopa. Kila aliponisimulia alirudia neno hilo. Mama haogopi. Alisimama, akachota maji, mara hii mtungi ulikuwa nayo, akayapeleka mdomoni mwa mtoto. Maji yakamwagika sakafuni. Hayakuingia. Midomo ilikuwa imefungwa, japo sauti alikuwa ameisikia.

Ilikuwa imefungwa kwa kikanda cheupe.

Akatazama chini. Kikanda kingine shingoni. Kimoja kila kifundo cha mkono. Kimoja kila kifundo cha mguu. Vyembamba, vyeupe, vimebanwa.

"Nani kakufunga, mwanangu?"

Mtoto akageuka kutazama kule kwenye jumba. Na alipogeuka ubavu, hakuwapo. Palikuwa na mstari mmoja mwembamba hewani, kama ukingo wa karatasi. Kisha ukungu tu.

Hatibu alipoingia jioni alimkuta mkewe amekaa sakafuni, kitambaa chake cha sala kimelowa. Mwamvua alimweleza yote kwa sauti ya chini, kama mtu anayeogopa kumwamsha aliyelala. Hatibu alisikiliza ameinamisha kichwa, anatikisa, ndiyo, ndiyo, kama watu wanavyomtikisia mgonjwa. Mpaka alipofika kwenye vikanda.

"Vilikuwa wapi?"

"Shingoni. Mikononi. Miguuni. Na hapa mdomoni."

"Upana gani?"

Mwamvua akaonyesha kwa kidole. Nusu ya ukucha.

Hatibu akakaa chini. Hakukaa kitini. Alikaa pale alipokuwa amesimama.

"Mke wangu hajaingia chumba kile hata siku moja," akasema, kama anayemwambia mtu wa tatu. Ndipo akalia, kilio alichokuwa hajalia tangu arudi Nguu. Akasema yote. Lile ua la kaburini si kima aliyeling'oa, ni yeye. Alilikausha kwa moto wa makaa, akalilaza juu ya karatasi, akalifunga vikanda sita. Na katika kile kikaratasi cha chini kulia, pahali pa jina la mmea, hakuandika jina la mmea. Aliandika: *Semeni binti Hatibu. Kwemvumo. Amechumwa na baba yake.*

"Ulimng'olea sala yake," Mwamvua akasema polepole. "Kile kitu kilikuwa kinamwombea, Hatibu."

"Nilitaka asioze."

"Wamezikwa manabii, sembuse mwanangu."

"Wewe ulimwona! Ulimshika mkono. Ulimwona anavishwa sanda. Mimi nilikuta udongo, Mwamvua. Nilikuta udongo tu."

Shangazi yangu aliniambia kwamba hapo ndipo hasira yake ilipokatika, na haikurudi tena maisha yake yote. Alimvuta mumewe kichwa akamlaza mapajani, kama mtoto.

Mama Chiku ndiye aliyesema la kufanya, tena bila mbwembwe. "Si uchawi huo. Ni haki ya mtu. Mrudishieni kilicho chake, kikae udongoni."

Karatasi ile ilikuwa mali ya serikali, na ufunguo wa makabati ulikaa kwa Abrahamu. Hatibu alimwendea asubuhi. Abrahamu alimsikiliza mpaka mwisho, akaweka ufunguo mezani, akajifunga leso usoni.

"Leo naumwa macho yote mawili," akasema. "Sioni mtu anayeingia wala anayetoka. Nenda, ndugu yangu."

Wakaipeleka kaburini Ijumaa, mchana mweupe. Hatibu aliilowesha karatasi kwa maji ya kikopo, akabandua vikanda kimoja kimoja kwa ukucha. Kila kimoja kilipotoka, Mwamvua alisema "Bismillahi." Ua lilikuwa limebaki na rangi yake, zambarau kabisa, kama alivyotaka Hatibu. Wakalifukia. Wakamwagia maji. Wakakaa wakangoja, na hapakutokea kitu ila ndege.

Siku ile mtungi haukukauka. Kesho yake pia.

Siku ya tatu, alasiri, karatasi ikasikika tena uwanjani.

Alikuwa kizingitini. Mdomo ulikuwa wazi. Shingo ilikuwa wazi. Mkono wa kulia ulikuwa huru, na ngozi ya mkono ule ilikuwa laini, yenye damu, ngozi ya mtoto aliye hai. Lakini wa kushoto ulikuwa mkavu bado, na kikanda bado. Na miguu yote miwili.

"Mama, nusu," akasema. "Nusu iko mbali. Kuna baridi."

Safari hii Mwamvua alikuwa amemwita mumewe, na Hatibu alikuwa amekaa palepale, mbele ya mlango. Hakuona kitu. Alimwona mkewe ananyosha mkono hewani, analia.

"Anasema nini?"

"Nusu iko mbali."

Hatibu akaweka mikono kichwani. "Pacha," akasema.

Alikuwa ameligawa. Kwa mazoea, bila kufikiri, kama mtu anavyofunga vifungo vya shati. Shina lilikuwa na matawi mawili. Moja alilifunga kwa vikanda vitatu, la kabati la Kwemvumo, akaandika kikaratasi. La pili nalo akalifunga kwa vitatu vilivyobaki, akaandika kikaratasi kilekile, akaliweka kwenye rundo la pacha. Kasha lilikuwa limeteremshwa Tanga tangu kabla ya arobaini.

Abrahamu aliandika barua kwa Kiingereza chake kizuri, Bwana Majani akaitia sahihi bila kuuliza mengi. Alikuwa na binti yake naye, kaburini, katika nchi nyingine. Barua iliomba karatasi ile irudishwe, imepelekwa kwa makosa.

Majibu yalichukua miezi mitano. Abrahamu aliyasoma mbele ya ngazi za nyuma, anageuza sentensi moja baada ya moja.

"Wanasema mmea ukishapokelewa na kuandikwa haurudishwi. Wanasema poleni kwa usumbufu." Akageuza ukurasa. "Kuna jambo jingine hapa. Wanauliza tuliupaka dawa gani. Wanasema kila siku, saa sita na nusu mchana, karatasi ile inalowa maji. Wameikausha. Wameibadilishia kabati. Wamemweka mtu wa kuitazama. Inalowa kutokea katikati, inakauka, kesho inalowa tena."

"Saa sita na nusu?" Mwamvua akauliza. "Tangu lini?"

Abrahamu akataja tarehe. Kisha akahesabu kwa vidole. "Saa zao zimechelewa nyuma ya zetu kwa saa tatu. Huku kwetu hiyo ni saa tisa na nusu."

Tangu siku ile ya nusu, kila Mwamvua akishatoa salamu ya mwisho ya sala ya alasiri, alichota maji kwa kikopo cha maziwa na kwenda kaburini kummwagilia mwanawe.

"Basi yanafika," akasema. Akafunika uso kwa kanga. "Yanamfika."

Akaendelea miaka mitatu. Hakukosa siku. Tulimwita Tanga kwenye harusi, hakuja. Baba yangu alipolazwa Muheza, alishuka usiku, akamwona alfajiri, akarudi kabla ya alasiri. Mimi mwenyewe nilimwuliza nilipokwenda kumtazama.

"Asmahani mwanangu," akaniambia, "mwenye mtoto anyonyaye hasafiri mbali."

"Bado anakuja, shangazi?"

"Huja. Haombi tena. Hukaa pale kizingitini tu, ananitazama nafanya kazi."

Na Hatibu kila alasiri alikaa mbele ya kizingiti kile, ameacha kwenda kuchuma mimea, nywele zimeingia mvi kabla ya wakati wake. Anaketi akitazama mahali mkewe anapopatazama. Miaka mitatu hakuona kitu hata mara moja. Siku moja nilimsikia akinong'ona: "Niambie amevaa nini leo." Na shangazi akamwambia.

Masika ya mwaka 1959 yalikuwa makali. Njia za milimani zilikatika. Shangazi alikuwa na kikohozi, akakatazwa kutoka, akatoka. Mvua ilikuwa inamwagilia kaburi usiku na mchana, lakini alisema maji ya mvua ni ya watu wote, mtoto anataka ya mama yake. Tulimkuta pale, amelala ubavu juu ya kaburi, kikopo kando yake. Nilikuwa nimefika juzi yake kumwuguza. Alikuwa amefariki. Mama Chiku, aliyekuwa ameshazeeka, alimwosha akiwa amekaa kwenye kigoda, nami nikimminia maji. Alipofika kwenye kiganja cha kulia, kilichokuwa kimefumbwa, alikifumbua taratibu. Ndani mlikuwa na vikanda vitatu vyeupe vya karatasi, vyembamba, nusu ya upana wa ukucha.

Mama Chiku alinitazama, akakifumba tena. Tukamzika navyo, kando ya mwanawe.

Miezi miwili baadaye ilikuja bahasha kubwa kutoka Ulaya. Abrahamu aliileta mwenyewe barazani, ameibeba kwa mikono miwili. Mimi nilikuwa bado pale, namtunza Hatibu, ambaye alikuwa hali wala hasemi.

"Wamerudisha," Abrahamu akasema. "Wanasema karatasi isiyo na mmea haina kazi kwao. Hawajui umekwendaje. Kabati lilikuwa limefungwa." Akataja tarehe waliyogundua. Hapakuwa na haja ya kuhesabu. Sote tuliijua.

Hatibu aliitoa karatasi ndani ya bahasha. Chini kulia, mwandiko wake mwenyewe: *Amechumwa na baba yake.* Juu yake weupe mtupu. Palipokuwa na vikanda palikuwa na alama za gundi tatu, safi, hazikukwaruzwa.

Akapitisha kidole juu ya alama zile.

"Mama yake kaenda kumchukua," akasema. "Wamekwenda wote wawili." Kisha, kwa sauti niliyotamani nisingeisikia: "Mimi hata kuniaga."

"Baba Semeni," Abrahamu akamwambia polepole. "Geuza."

Akaigeuza. Nyuma ya karatasi, katikati, palikuwa na alama ya maji. Kiganja. Kidogo, vidole vimetanuliwa, kama mtoto anayekiweka juu ya kitu apimwe. Hatibu alikitazama. Akanyosha mkono wake, akaweka kiganja chake juu ya kile. Akakaa hivyo mpaka adhana ya alasiri.

"Amekua," akasema.

Hatibu alifariki mwaka uleule, akazikwa upande wa pili wa mwanawe. Karatasi ninayo mimi, Chumbageni, ndani ya sanduku la mti, penye joto na ukavu wa kukausha hata samaki. Nimeifungua leo asubuhi kabla sijaanza kuandika. Kiganja bado kibichi.